Somo: "damage", na ile "s" yenye pesa

Juzi dereva mmoja wa daladala aliniomba nimwangalizie fomu ya bima kabla hajaipeleka. Kaandika: "Two passengers were damaged and the left door was injured." Yaani abiria kawageuza vyuma, mlango kaulaza wodini.

Hatua ya 1: jiulize kilichodhurika ni nini. Mlango, paa, simu, mazao: "damage". "The rain damaged the roof." Mtu akijeruhiwa ni "injured", au "hurt" kwa mazungumzo ya kila siku. Ila angalieni, kiungo cha ndani kikiathirika, madaktari wanarudi kwenye "damage": "liver damage", "brain damage". Hata jina la mtu likichafuliwa, ni "damage" hiyohiyo.

Hatua ya 2: likiwa nomino, halihesabiki. Usiandike "a damage" wala "two damages", hata kama mlango umebonyea pande mbili. Ni "some damage", "serious damage". Kisha "to", si "of": "damage to the door". Hapa Kiswahili ndicho kinatuponza. Tumezoea "uharibifu wa mlango", basi hiyo "wa" tunaigeuza "of" bila kufikiri.

Hatua ya 3: "damages" lipo, ila si hasara nyingi. Ni fidia ya pesa ambayo mahakama humwamuru mtu alipe. "She was awarded damages": kalipwa, hakuharibiwa.

MASWALI

Mwalimu, "harm" ndiyo haramu yetu?
Hapana, ndugu yangu. Haramu ni ya Kiarabu; "harm" ni Kiingereza cha kale, "hearm". Zimegongana sauti tu. "Harm" ni madhara kwa jumla, hata yasiyoonekana: "Smoking harms your health."

Jana ni "hurted"?
La. Leo "hurt", jana "hurt".

Mgeni wetu Mwingereza alimaliza kula akamuuliza mhudumu "What's the damage?" Mbona hakuvunja kitu?
Alikuwa anauliza bili ni shilingi ngapi. Ni utani wao. Usiupeleke kwenye barua ya kazi.

Na yule dereva?
Tuliandika upya: "Two passengers were injured and the left door was damaged." Fomu imepokelewa. Mlango bado kaufunga kwa kamba.