Aandike matarajio kabla ya kuendesha programu
Walimu wa kompyuta wa Tabora, mwanafunzi asiendeshe programu kabla hajaandika daftarini itatoa nini. Mstari mmoja unatosha. Chukua programu ya Python (lugha ya kuandikia programu) inayouliza idadi ya ndoo za asali kutoka Sikonge na Urambo, kisha inajumlisha. Anaingiza 3 na 4, anatarajia 7, inatoka 34! Hakuna ujumbe wa kosa, kwa hiyo asiyeandika matarajio hupita bila kugundua. Sababu ni kwamba input(), amri inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi, na alama ya + huyaunganisha tu. Atumie int(input()), inayogeuza maandishi hayo kuwa namba kamili.

Akikwama, mpe dakika 10 peke yake. Aanze na mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa, abadilishe kitu kimoja, aendeshe tena. Wengi hubadilisha vitu vitatu kwa mpigo, wasijue kipi kimesaidia. Baada ya hapo amuulize jirani, kisha wewe. Na tafadhali usimshikie kipanya, muulize, "Ulitarajia nini?" Kabla ya kengele aandike kosa, chanzo chake na alivyoligundua. Umeme ukikatika, andika programu ubaoni, watabiri matokeo mstari kwa mstari.