Una Ryzen ya zamani? Chagua mazabodi hivi

Kama prosesa yako ni Ryzen 5 1600 au 2600 ya AMD na mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) imeungua, usikimbilie mazabodi ya toleo jipya eti kisa ni jipya, soketi ni ileile AM4 lakini kuingia kwenye soketi haitoshi, chipseti (chipu ya mazabodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine) na BIOS (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) nazo lazima ziijue prosesa. Hapa ndo wengi wanaumia: kwenye orodha ya AMD, mazabodi yenye chipseti ya B550 haichukui Ryzen za mfululizo wa 1000 wala 2000, yaani hizo 1600 na 2600, unaweza ukawasha ukaona feni zinazunguka tu na skrini nyeusi.

Mi ningechukua mazabodi ya B450. Inakubali kuanzia Ryzen 1000, na ukishaapdeti BIOS inafika mpaka 5000, yaani leo unatumia 1600 yako, mwakani ukipata hela unaweka Ryzen 5 5600 na RAM zako za DDR4 zinabaki zilezile. Utakosa PCIe 4.0 (njia ya kasi zaidi ya kadi ya picha na SSD), ila kwa kazi za kawaida hata hutaona tofauti.

Kabla hujalipa ingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta modeli kamili mpaka namba ya toleo, usome orodha ya prosesa zinazokubali na BIOS gani inatakiwa. Nafasi nne za RAM ni bora kuliko mbili.

Alafu BIOS iapdeti prosesa ya zamani ikiwa bado imo, ukiitoa kwanza unaweza kukwama kama mazabodi haina kitufe cha kuflashi (kuapdeti BIOS) bila prosesa. Na tumia UPS jamani, umeme ukikatika katikati bodi inaweza kufa palepale.