Mama kwenye mbuzi, mwana kitini: kupanga tukio la filamu ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe

Vijana wengi wanaoniletea kazi zao huanza na kamera. Wamekodi lenzi, wamechaji betri, kisha mwigizaji anaambiwa "kaa hapo, sema". Anakaa kwenye sofa kwa sababu sofa ndiyo iliyokuwepo. Hapo nusu ya hadithi imeshapotea.

Tutumie tukio moja. Kijana amerudi kutoka Dar, anataka mama yake auze nyumba ya Mkunazini. Mama hataki. Mazungumzo ni ukurasa mmoja.

Hatua ya 1: Andika nguvu iko kwa nani na inahamia wapi. Mstari mmoja unatosha. Wangu ni huu: mtoto anaingia mkubwa, tukio linaisha yeye mdogo. Kama huna mstari huo, utaishia kupamba chumba.

Hatua ya 2: Pima chumba. Vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, kwani dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo kwa kawaida hazifiki mbali zaidi ya mita 3 hivi. Ukitaka kurikodi kwa upande, mgongo wako utagota ukutani. Basi tumia urefu: mmoja karibu na kamera, mwengine kule mlangoni. Kijana akisimama nje ya kizingiti huku anatoa salamu, mtazamaji ameshajua kuwa huyu si wa humu tena.

Hatua ya 3: Wakalishe. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine pote. Mama namweka kwenye mbuzi, anakuna nazi. Kijana anapewa kiti. Sasa mtoto yuko juu, mzazi yuko chini, na kila mtu aliyelelewa kwetu ataona kuna kitu hakijakaa sawa kabla hata neno halijatamkwa.

Kamera iteremshe hadi usawa wa macho ya mama. Yasujirō Ozu, mwongozaji filamu wa Japani, alizoea kuiweka chini hivyo, katika nyumba ambazo watu hukaa sakafuni. Sisi wenye mikeka na mbuzi tuna sababu gani ya kuinyanyua kila mara?

Halafu mpe mama kazi ya mikono. Anakuna, kijana anaeleza. Anakuna, kijana anataja mnunuzi. Kijana anataja bei: mkono unasita, kifuu kimebaki kwenye meno ya mbuzi, nazi iliyokunwa inadondoka kidogo kwenye sinia. Kisha anaendelea kukuna. Mwisho anainuka na sinia lake, anapita mbele ya kamera, kanga yake inafunika picha nzima, na akishapita tunamwona kijana kule mwisho wa chumba, bado kakaa, kadogo kabisa. Mstari wa hatua ya 1 umetimia, na hakuna aliyepandisha sauti.

Hatua ya 4: Chagua vitu, na soma jina la kanga. Katika filamu yangu ya mwanzo nilikuwa na wifi wawili wanaopatana. Mmoja akavaa kanga nzuri nyekundu. Mimi nikatazama rangi tu. Jina lake lilikuwa "Hasidi hana sababu". Kinamama wa safu ya mbele wakacheka, na hadi mwisho wakawa wanangojea usaliti ambao haukuwemo. Kosa langu mwenyewe.

Vitu viwe vichache. Ousmane Sembène wa Senegal, katika filamu yake *La Noire de...* ya 1966, kuhusu msichana wa Senegal anayefanya kazi za ndani Ufaransa, alitundika kinyago cha Kiafrika kwenye ukuta mweupe wa fleti ya Wafaransa, na upweke wa yule msichana wa kazi ukaonekana bila ya maelezo. Kuta zetu za chokaa zina nafasi hiyo hiyo. Acha kidaka kimoja cha ukutani kitupu, chengine kiwe na picha ya marehemu baba.

Hatua ya 5: Mwanga. Saa sita mchana jua linaingia uwani wima na kuchimba mashimo meusi chini ya macho. Rikodi kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, mlango wa uani uwe wazi, shuka jeupe litandikwe upande wa pili lirudishe mwanga usoni kwa mama. Kijana usimsaidie, muache na kiza chake.

Hatua ya 6: Zima sauti, muoneshe mtu. Mimi humwita muuza kahawa wa barazani kwetu, namwekea kipande hicho kwenye simu. Akisema "huyu kijana kaja kutaka kitu, na hakupewa", narudisha vyombo. Akiniuliza "kwani huyu mgonjwa?", narudi hatua ya 3 na kusogeza kiti.