Notario si wakili: makaratasi yaliyoniponza Houston

Kwetu Tanzania ukitaka hati ya kiapo unakwenda kwa wakili, anagonga muhuri, unalipa, unaondoka. Mwenye muhuri ndiye mwenye sheria. Nilikuja Houston, Marekani, na akili hiyo hiyo, ikaniponza. Huku notari ni mtu aliyesajiliwa kushuhudia sahihi yako tu. Anaweza kuwa muuza duka. Amerika ya Kilatini nako notario ni mwanasheria mzito, ndiyo maana matapeli wanalitundika neno hilo mlangoni.

Nilikuwa nabeba boksi ghalani pamoja na jamaa wa Cuba. Akaniambia kuna notario aliyemshughulikia grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Nikaenda. Mabango ya Kihispania, foleni mpaka nje. Nikajisemea, penye watu wote hawa hapawezi kuwa na utapeli. Nikalipa mshahara wa miezi miwili nikasaini fomu tupu. Narudia: tupu. Yule bwana akaniombea hifadhi ya ukimbizi, kwa kisa cha mateso ambacho hata mimi sikuwahi kukisikia. Nilikisoma mara ya kwanza baada ya kupata wito wa jaji wa uhamiaji. Usisaini fomu tupu, hata kama anayekupa anakuita ndugu.

Kosa la pili ni kudhani njia ya Mcuba ni yangu. Wacuba wana sheria yao ya 1966: aliyeingia kwa kibali, akikaa mwaka mmoja, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mtu wa Mbeya hana sheria ya namna hiyo. Wapuerto Rico ndio kabisa, ni raia wa Marekani tangu 1917. Kwa hiyo shangazi zangu mnaopiga simu kuuliza "mbona Walatino wanapata?", tafadhalini, Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, si kabila moja.

Nguvu wanayo, sikatai. Sensa ya 2020 iliwahesabu milioni 62, karibu mmoja kati ya kila watu watano, na Texas sasa wamewapita Wazungu kwa idadi. Wakigoma siku moja hapa Houston, hakuna paa litakaloezekwa wala sahani itakayooshwa. Wanasiasa wanajikongoja na Kihispania cha kuombea kura. Na kura yenyewe haina mwenyewe: kaunti ya Starr, mpakani na Mexico, karibu wote Walatino, ilimpa Trump ushindi 2024 ilhali haikuwa imemchagua mgombea urais wa chama chake cha Republican tangu 1892. Sisi Watanzania wa hapa bado tunagombea uenyekiti wa jumuiya yenye watu arobaini. Ila nguvu yote hiyo haijamng'oa notario. Sheria ya Texas inamkataza notari kujitangaza kama "notario público", na mabango bado nayaona.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Fomu za uhamiaji ni bure mtandaoni. Jina la wakili litafute kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo kabla hujatoa hata senti. Huna hela? Yapo mashirika ya hisani yenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria. Dai mkataba, risiti na nakala ya kila karatasi. Aliyekujazia fomu kwa malipo lazima aandike jina lake na asaini sehemu yake. Akikataa, nyanyuka utoke. Wangu alipaacha patupu, nami sikuuliza.

Juzi binamu yangu aliyefika karibuni kaniandikia: "Kaka, nimepata mama mmoja ana muhuri, bei poa." Nikamwomba namba ya leseni ya uwakili ya huyo mama. Hajajibu bado.