SOMO: Kujua wanafunzi wamekwama wapi kwa kusoma mijadala yao (msinifuate tena inboksi)

Wakuu, kila muhula ukianza, kuanzia Uyole mpaka Kihesa, napata swali lilelile: "Mwalimu, ile ya kupima hisia za wanafunzi unafanyaje?" Naandika mara moja tu.

1. Omba ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya 2022, na jina na namba ya simu vimo ndani yake.

2. Pakua mazungumzo ya kundi la darasa (mfano la WhatsApp) bila picha wala sauti.

3. Badili majina yawe M1, M2, M3. Futa "fulani amejiunga". Emoji ziache.

4. Weka lebo kwenye kila ujumbe, kompyuta itajifunza kutoka kwazo. Chanya na hasi peke yake hazitoshi. "Asante sana 🙏" zitajaa mpaka udhani darasa zima liko peponi. Mimi natumia: ameelewa, amekwama, amekata tamaa, mengineyo. Watu wawili waweke lebo kila mmoja kivyake, kisha linganisha kwa kappa ya Cohen (kipimo cha jinsi wanavyokubaliana kupita bahati tu). Wakipishana sana, andika upya maelezo ya lebo.

5. Kusafisha maneno. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, soma polepole. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema ukate viambishi ubaki na mzizi. Hayo yaliandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Kiswahili kinakanusha ndani ya kitenzi chenyewe: kata "naelewa" na "sielewi", vyote vinabaki "elew", na aliyekwama umemhesabu kuwa ameelewa. USIKATE VIAMBISHI. Orodha za maneno ya kuondoa (yale ya kawaida mno, kama "na" na "ya") nazo zikague kwa macho, usije ukafuta "si", "sio", "bila" na "bado". "Bado" peke yake ni jibu kamili la mwanafunzi! Ruhusu pia maneno mawili mawili yahesabiwe kama kitu kimoja, maana "haina shida" si shida na "si mbaya" ni sifa. Halafu kuna vijana: "mwalimu wa takwimu ni hatari", "pindi la leo noma". Hizo ni pongezi. Kamusi ya maneno mabaya itakudanganya hapo.

6. Fundisha modeli, yaani programu inayojifunza kukisia lebo ya ujumbe mpya. TF-IDF (inalipa kila neno uzito) na rigresheni ya lojistiki (inachagua lebo kwa uzito huo) kwenye scikit-learn, maktaba ya bure ya Python, zinatosha kuanzia.

7. Usishangilie asilimia ya jumla. Kama jumbe 80 kati ya 100 ni "mengineyo", modeli inayojibu "mengineyo" kila mara inapata 80% na haijamwona hata mmoja aliyekwama. Tazama F1 ya kila lebo: alama moja inayopima modeli imewapata wangapi wa lebo hiyo na imepatia mara ngapi ilipoitaja.

8. Panga matokeo kwa wiki na mada. "Amekwama" ikipanda, rudia mada hiyo.

MASWALI

Kijana_Mafiati: Mkuu, nitumie programu iliyokamilika, sina muda.
Jibu: Hatua ya 6. Bila lebo zako haitakufaa.

Afisa_Taaluma: Inaweza kutuonyesha nani anamsema vibaya mwalimu?
Jibu: Rudi hatua ya 1 na ya 3. Kama hilo ndilo lengo, umekosea mlango.

Dada_Kihesa: Shikamoo mwalimu. Kwa nini nisitafsiri kwanza kwa Kiingereza, nikatumia VADER?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri. VADER ni orodha ya maneno ya Kiingereza yenye alama. "Ni hatari" ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa mwalimu wa kuogopwa, na sifa imegeuka lawama. Tafsiri jumbe 50, zilinganishe kwa macho, utaona mwenyewe. Bora uanze na AfriSenti: ina twiti zilizowekewa lebo katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kimo. Ila twiti si darasa, kwa hiyo ongeza lebo zako. Baadaye jaribu AfriBERTa, modeli kubwa ya lugha za Afrika, nayo imefundishwa Kiswahili.

Dada_Kihesa: Asante. Na "kamwene" zao za asubuhi niziweke wapi?
Jibu: Mengineyo. Ila "kamwene mwalimu, sijaelewa" ni amekwama, usiishie kwenye salamu.

Mzee_wa_Ipogolo: Ujumbe mrefu unanikatikia vipande vipande kwenye faili.
Jibu: Mstari usioanza na tarehe ni mwendelezo wa ule wa juu. Uunganishe kabla ya hatua ya 4.

Kijana_Mafiati: Laptopu yangu ya zamani itaweza?
Jibu: Hatua ya 6 itaweza. AfriBERTa ipeleke Google Colab (unatumia kompyuta za Google kupitia mtandao), ila angalia bando.