Mida mwezi wa Machi na Aprili: ndege wanaoondoka, nondo wanaoingia, na namna ya kuwaona wote siku moja

Kila mwaka kaskazi ikianza kulegea simu yangu inaanza kulia, guide tuje lini, tuje lini, na mimi huwa najibu swali kwa swali, kwani mwezi unaandama lini? Watu wanafikiri nawazungusha. Wala siwazungushi, jibu lote liko hapo, na nimeona bora niliandike mara moja nipumzike mana kuna watu wanatoka Nairobi na basi la usiku wanafika Mida wanakuta matope matupu na vitone vyeusi kule mbali, wanarudi wakisema ndege wamekwisha.

Kwa asiyepajua, Mida ni hori la bahari hapa Watamu, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968, mikoko imelizunguka na nyuma yake kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420. Sisi hatuna majira ya kuchipua kama Ulaya lakini ndege wetu wa ufukweni wanayafuata hayo majira ya wenyewe, Machi wanabadilisha manyoya na kula kama watu waliofunga kutwa, Aprili wanaondoka kwenda kutaga Siberia na kwengineko. Na papo hapo masika inaingia na nondo wanatoka. (Nondo wadudu jamani, si zile za kujengea, wala zile mnazoshusha kwenye mabishano.) Kwa hiyo kuna kama wiki nne, katikati ya Machi mpaka katikati ya Aprili, ambazo unaweza kula huku na huku.

Hatua ya 1: Hesabu mwezi, achana na tarehe

Hii ndo hatua yenyewe, ukiikosea hii zilizobaki zote hazikusaidii. Nondo wanataka giza. Ndege nao, au tuseme wewe unayewatafuta, unataka bamvua, yale maji makubwa yanayokupwa mbali na kujaa sana, mana yakijaa yanawasukuma ndege wote waje karibu yako. Sasa bamvua inakuja mara mbili, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Ile ya mwezi mpevu ni tamu kwa ndege lakini usiku kunang'aa, taa yako inashindana na mwezi na inashindwa. Chukua ile ya mwandamo, siku ya pili mpaka ya nne, kijimwezi chenyewe kinazama mapema na usiku unabaki wako. Mvuvi yeyote hapa atakuhesabia bila kutoa simu mfukoni.

Siku hizo za bamvua pwani yetu maji hukupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, halafu yanajaa mpaka saa kumi, saa kumi na moja alasiri. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa asubuhi yanakupwa alasiri, na hata yakijaa ni ya uvivu, ndege wanabaki palepale katikati. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, linatosha ila mle ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko bahari ya nje, na kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50, usije ukatumia saa za juzi.

Hatua ya 2: Vifaa

Darubini ya 8x42 inatosha kabisa. Teleskopu na miguu yake mitatu ni raha ukiwa nayo, kama huna muombe guide, wengi tunazo. Kofia, maji ya kunywa lita mbili, na viatu vya kufunga, malapa sahau kwa sababu matope ya mikoko yanavuta lapa na chini kuna chaza wanakata kama wembe. Vya usiku ntavitaja huko mbele.

Hatua ya 3: Fika saa saba mchana, ukae

Najua ndege watu husema alfajiri. Msituni sawa, alfajiri. Hapa saa yake ni ya maji. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilipeleka wageni wawili saa nne asubuhi, maji yamekupwa, nikajifanya mjuzi tukatembea matopeni kuwafuata ndege, kila tukisogea hatua kumi wao wanasogea ishirini, mwisho nikazama mpaka magoti na teleskopu ya watu juu ya kichwa, wageni wakanivuta mmoja mkono mmoja shati. Hatukuona kitu cha maana. Siku hizi nalipa kiingilio kwa wanakijiji kama kila mtu, napita daraja la mbao la kuning'inia ndani ya mikoko, nakaa kwenye kibanda cha kuangalilia na nangoja. Maji yanakuja, na yakija wanakuja nao.

Kuanzia saa saba na nusu hadi saa tisa na nusu ndo penyewe. Ongea kwa sauti ya chini, usinyooshe mkono nje ya kibanda, na usipige miluzi eti wakuangalie. Hawa ndege wako kwenye kazi ya kunenepa, kuna wadogo wanaoongeza karibu nusu ya uzito wao kabla ya safari, kila ukiwarusha umewachomea mafuta yao.

Hatua ya 4: Anza na huyu mweupe na mweusi

Krabu plova (Dromas ardeola) ndo sababu wazungu wanapanda ndege kuja Mida. Huwezi kumkosa, mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi ambao hauendani kabisa na mwili, kama kachukua wa mtu mwingine. Mwangalie akiwinda. Anatembea pole, anasimama, anakimbia ghafla hatua tatu, kaa kashikwa. Kaa mdogo anamezwa mzimamzima, mkubwa anatikiswa na kupigwapigwa mpaka magando yanadondoka, kisha anaokotwa mwili na magando yanaachwa pale kwenye matope.

Sasa tafuta mmoja wa kijivukijivu pembeni ya mkubwa, shingo kaikunja, analia lia. Huyo ni mtoto. Alizaliwa mwaka jana huko kaskazini, kwenye visiwa vya Ghuba au Bahari ya Shamu au pwani ya Somalia, mama yake akataga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, kitu ambacho hamna ndege mwingine wa jamii hii anafanya, na mpaka leo miezi mingi baadaye keshavuka bahari na bado anaomba chakula. Mimi huyu mtoto simchoki. Nina mwanangu wa namna hiyo nyumbani.

Kufika Aprili wanaanza kupungua, siku moja unakuta mia, siku ya pili unakuta wachache wametawanyika. Majahazi ya zamani nayo yalikuja na kaskazi yakangoja kusi yarudi Uarabuni, ratiba ni ileile.

Hatua ya 5: Vitwitwi, usiogope

Hapa ndo watu wanakata tamaa, hawa ndege wadogo wa matopeni wote wanaonekana kahawia. Lakini hii miezi ndo rahisi kuliko yote kwa sababu wanavaa nguo za harusi. Yule mwenye mdomo uliopinda chini kidogo ambaye Desemba alikuwa kijivu, sa hizi kifua chake kinageuka rangi ya tofali, mwanzo madoa madoa kama ukuta unaopakwa rangi na fundi mvivu, halafu chote chekundu, ni Calidris ferruginea na anaenda Siberia juu kabisa. Yule mnono mwenye kichwa kikubwa anayeota weusi kuanzia usoni hadi tumboni ni plova wa kijivu. Mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya njano mifupi, anayekimbia huku kainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha shilingi, ni Xenus cinereus, na maji yakijaa sana mtafute juu ya matawi ya mikoko, anakaa pale pamoja na sululu, yule mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda chini.

Wa kuumiza kichwa ni wale plova wawili wa mchangani, mkubwa na mdogo, wote wanaota mshipi wa kutu kifuani. Usiangalie ukubwa, umbali unadanganya. Angalia mdomo: pima kwa macho kutoka shina la mdomo mpaka nyuma ya jicho, mdomo ukizidi huo urefu huyo ni mkubwa, ukiwa sawa au mfupi ni mdogo. Na ukishindwa andika plova wa mchangani tu, basi, hakuna atakayekufunga. Mimi mwenyewe naandika hivyo kila wiki.

Kitu kingine, utaona wengine wamebaki rangi ya Desemba hawana dalili ya kubadilika. Wengi wa hao ni vijana wa mwaka wa kwanza, hawaendi popote, watakaa hapahapa na kusi yote.

Hatua ya 6: Magharibi, simama chini ya mpapai

Keremkerem wekundu, wale ndege wala nyuki, hulala kwenye mikoko ya Mida na hupita makundi makundi jua likizama, ila kufika mwisho wa Machi wengi wao washaondoka, ukiwapata ni bahati. Usiwangoje sana. Rudi unapolala na utafute mpapai dume, ule wenye maua marefu yananing'inia. Saa kumi na mbili na nusu hivi mpaka saa moja na robo simama kimya. Utasikia kabla ya kuona, mvumo kama feni ndogo. Ni nondo mwewe, mimi nawaita hivyo, mwili mnene kama kidole na mbawa nyembamba, anaelea mbele ya ua bila kutua. Mapapai unayokula yanategemea hao kubeba chavua kutoka dume kwenda jike. Mwenye mistari ya waridi tumboni ni Agrius convolvuli, mrija wake ni mrefu kupita mwili, na viwavi wake ndo wale wanene wanaomaliza matembele ya bibi. Tochi weka nyekundu au funika na karatasi ya peremende nyekundu.

Hatua ya 7: Shuka na taa

Shuka jeupe la pamba, si nailoni mana wanateleza. Funga kamba kati ya miti miwili, tandika, na sehemu ya chini ilaze chini kama nusu mita. Taa ninayotumia mimi ni balbu ya mekyuri ya wati 160 isiyohitaji choki, inakula stima na inapasuka mvua ikiidondokea kwa hiyo ifunikie juu na kifuniko cha sufuria. Kama hamna stima LED ya UV ya pawabenki inafaa, ila usiitazame moja kwa moja. Zima taa zote za karibu. Nshawahi kukesha na shuka tupu, nondo wote wako kwa jirani kwenye taa yake ya ulinzi, nikaenda kuwahesabia ukutani kwake saa sita usiku, mbwa akanifukuza.

Fanya pembeni ya msitu, uani, hotelini, siyo ndani ya Arabuko-Sokoke usiku. Mle mna tembo. Ukitaka ndani nenda na askari wa misitu kwa kibali.

Usiku mzuri ni ule wa baada ya mvua ya kwanza ya nguvu, joto, hakuna upepo, umande mpaka nguo inanata. Andaa trei za mayai uziegemeze chini ya shuka, wengi hawatui kwenye mwanga, wanajificha humo. Watakuja wale weupe wadogo wenye vidoa vyekundu na vyeusi kama kanga, Utetheisa pulchella. Atakuja Cyligramma latona, mkubwa wa kahawia, mstari mweupe umekata mbawa zote na jicho kwenye kila bawa la mbele. Ukibahatika atakuja Acherontia atropos mwenye fuvu mgongoni, anaiba asali kwenye mizinga na ukimshika analia kama panya, usimuue bure kwa sababu ya maneno ya watu.

Na watakuja nairobi flai, wembamba wekundu na weusi kama siafu. Wakikutua shingoni USIMPIGE KOFI, mpulize aondoke, ukimponda sumu yake inakuchoma ngozi unaamka na malengelenge. Ikitokea osha na sabuni palepale.

Hatua ya 8: Chambo

Kuna nondo hawajali taa. Ponda ndizi zilizooza, sukari guru, na kikombe cha pombe ya mnazi iliyolala siku mbili, acha juani kutwa, paka kwenye magome matano sita usawa wa kifua. Pitia kila nusu saa na tochi. Pombe iliyobaki kazi yako.

Hatua ya 9: Andika, halafu wahi kuamka

Ndege weka kwenye BirdLasser, programu ya simu ya kuorodhesha ndege, ili ziende Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya, orodha kamili inataka angalau masaa mawili. Nondo piga picha mgongo na ubavu uweke iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe, usichome pini wala kuweka kwenye chupa, hiyo inataka kibali.

Taa zima saa kumi na moja alfajiri, giza bado lipo, ukung'ute shuka na trei kwenye kichaka chenye majani mengi. Usingoje kupambazuke. Mlamba, yule ndege mweusi anayekula wadudu, anajua shuka ni nini tangu siku ya kwanza, kunguru wa Kihindi wanajifunza siku ya pili, na ukichelewa unakuta mbawa tupu zimetapakaa chini.