Bando liliisha kabla ya saa nne

Steshenari yangu iko Mwanga, Kigoma mjini: laptop moja, printa moja, na intaneti navuta kutoka kwenye simu. Siku moja nilijiunga GB 1 asubuhi, nikamjazia dada mmoja fomu ya mkopo wa chuo, na kabla ya saa nne meseji ikaingia kwamba bando limekwisha. Nikalaumu mtandao wee! Kumbe mlaji nimemkalisha mezani mwenyewe.

Sehemu yake ilikuwa Windows, ikijishushia masasisho kimyakimya. Dawa yake fupi: kwenye mipangilio ya WiFi bofya jina la simu yako, washa palipoandikwa Metered connection, yaani intaneti ya kupimiwa.

Iliyobaki ilikuwa Chrome, na humo kinachokula ni vitu ambavyo hukuviomba. Pale juu unapoandika anwani, andika chrome://settings/performance, shuka mpaka kwenye kupakia kurasa mapema, zima. Hiyo kazi yake ni kukisia utabofya wapi, ikaanza kuvuta ukurasa hujagusa kitu. Ikikosea, MB zimeshakwenda.

Halafu picha, na hapa ndipo nilipookoa zaidi. Andika chrome://settings/content/images, chagua tovuti zisionyeshe picha. Kurasa za habari zitabaki maandishi matupu, mbaya kuangalia, lakini zinafunguka chapu. Ila iliniumbua siku ya pili tu. Mteja amesimama mbele yangu, fomu imejaa, nabofya kutuma, inakataa. Nikarudia mara tatu. Kumbe kulikuwa na kile kijipicha cha herufi zilizopindapinda cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na mimi nimekizima! Ikikutokea, tazama mwisho wa ile sehemu ya anwani, kulia: kuna alama ndogo ya picha iliyozuiwa. Ibofye, ruhusu picha kwa tovuti hiyo, pakia upya. Lakini nakili kwanza ulichojaza, maana kupakia upya kunaweza kufuta kila kitu. Sasa tovuti zote za maombi nimeziruhusu, nyingine zinakaa bila picha.

Kuna fundi aliniambia nifute kashe kila jioni ili kubana data. Usimsikilize. Kashe ndiyo inayotunza nembo na vikorokoro vya tovuti unazorudia. Ukiifuta, kesho unavilipia tena.

Kwenye simu, ile hali ya Chrome ya kubana data Google waliiondoa 2022, usihangaike kuitafuta. Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi nilimwekea Opera Mini, ambayo seva zake hubana ukurasa kabla haujamfikia. Yeye anasoma habari tu, inamtosha. Fomu sijazii humo. Ukibana kabisa, vitufe vingine havifanyi kazi.

Siku ya matokeo ya mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani, ndiyo tamu. Ukurasa mmoja una matokeo ya shule nzima kwa namba za watahiniwa, kwa hiyo naufungua mara moja, nabonyeza Ctrl na S, nauhifadhi kwa jina la shule. Watoto wa shule hiyo wakija kumi, wote nawatafutia kwenye faili, simu imezimwa data.